Sura Yangu Kwenye Kopo

6 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo wewe? Shemeji yangu naye, ile miguu yake bado inavimba akisimama sana dukani? Mwambie akae, duka halikimbii. Sisi huku tupo. Mume wangu anakohoa kidogo ila ni vumbi tu, na Binti yangu, mwanao, amefaulu mitihani yake, sasa anatembea kama mkuu wa shule.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu ukisikia tu sauti yangu unaanza kulia, na mimi nikisikia unalia nasahau nilichotaka kusema. Tunabaki tunaliliana kama watoto walionyang'anywa pipi. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho.

Nimeshatundikiwa dripu ya pili ya kemo. Chumba chenyewe ni kirefu, viti vya kuegemea vimepangwa kando ya madirisha, na kila kiti kina stendi yake ya chuma. Jirani yangu ni mwalimu wa chekechea. Ugonjwa wetu ni mmoja, saratani, hata titi ni lilelile la kushoto. Huyo mama anacheka mpaka nesi anakuja kuangalia kama sindano imechomoka. Siku nilipoingia na kitambaa, alinichungulia kichwani akasema, "Msusi hana nywele! Hiyo ni sawa na mpishi anayelala njaa." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na tangu siku hiyo ni rafiki yangu.

Nywele zimekwisha zote, mdogo wangu. Hata nyusi. Saluni nimemwachia msaidizi wangu, mimi naenda mara mojamoja, nakaa nasuka wale wasio na haraka.

Jambo jingine. Walinipima damu, daktari akasema vitamini D yangu iko chini mno. Anasema wagonjwa wengi wa saratani inawatokea hivyo, kwa kutokula vizuri na kujifungia ndani. Amenipa kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki, kisha atapima tena. "Kinachopungua tunakijaza kwa kipimo," aliniambia, "hatukimwagi kwa debe." Nimekuambia kwa kuwa hayo ya vitamini ndiyo unayouza dukani, labda unayajua zaidi.

Nakukumbuka sana.

Dada yako


15 Februari

Dada yangu, mboni ya jicho langu,

Shikamoo Dada, tena shikamoo ya magoti yote mawili. Mimi mzima, shemeji yako mzima, miguu yake nayo haivimbi tena baada ya kumpa dozi yangu mwenyewe. Mkohozi wako mpe pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikasimama. Dada, si umeona? Wao wenyewe wanakiri kwamba mwili wako hauna vitamini! Halafu wanakupa kidonge kimoja kwa wiki, kama wanamlisha kuku. Ile dripu inaunguza kila kitu, kizuri na kibaya, sasa mwili utasimama na nini?

Ndani ya kifurushi hiki kuna makopo manne ya vidonge vya vitamini. Dawa hii si ya rafu ya mbele dukani, hii ni ya kwangu mwenyewe, naiagiza na kuipaki kwa mkono wangu. Ina D, ina kundi zima la B, ina C. Meza vitatu asubuhi, vitatu jioni. Nimekufungia kwa mapenzi, usidharau.

Na Dada, nakuomba, usimwambie daktari. Watu wale hawapendi kitu kisichotoka kwao. Utamwambia, atakukataza, na wewe ukikatazwa na mtu aliyevaa koti jeupe unatii hata kama kakukataza kupumua. Nakujua.

Mwezi ujao nakuja kukuona. Unifulie shuka.

Mdogo wako,
Kitinda


20 Machi

Kitinda wangu,

Umefika salama? Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya, hata paka anakutafuta chini ya kiti ulichokuwa unakalia. Asante kwa kuja, na asante kwa kunikanda mgongo. Mwanao anasema mama mdogo ana mikono ya mama mzazi. Nikamwambia mikono hiyo niliiosha mimi, tangu Mama alipoondoka ukiwa bado unatambaa.

Zile picha ulizonipiga kitandani nina kipara, usimwonyeshe mtu. Ulisema ni za kumbukumbu, siku nikipona tuziangalie tucheke. Sawa, lakini ziweke mbali na Mjomba, maana akiziona atatangaza msiba.

Vidonge vyako nameza bila kuruka hata siku. Mume wangu ananuna, anauliza kwa nini daktari hajui. Nimemwambia, yule ni mdogo wangu, hawezi kunipa kitu kibaya.

Kuna kitu kidogo tu. Ncha za vidole zinakufa ganzi. Juzi nilikuwa nasuka mteja, mistari midogo ile ya nyuma, ghafla sikuhisi kama nimeshika nywele au nimeshika hewa. Ilibidi niangalie kwa macho. Na miguuni ni hivyo hivyo, nakanyaga sakafu kama nimevaa soksi nene. Wewe unaonaje?

Dada yako


2 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mimi nipo, mbio tu, duka limejaa watu siku hizi mpaka nakula nimesimama. Mungu ni mwema.

Kuhusu ganzi, usiogope. Hiyo ni sumu ya kemo inatoka, inapitia vidoleni. Wateja wangu wengi huniambia hivyo hivyo, halafu inapita. Ongeza, meza vinne vinne. Nimekutumia makopo mengine sita.

Nina haraka, gari la mizigo liko mlangoni. Busu kwa mwanetu.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Utaona mwandiko umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu inaniteleza. Nikiikaza sana karatasi inachanika, nikiilegeza inaanguka.

Daktari amesimamisha kemo. Aliniambia nifumbe macho, akanigusa vidole kwa pamba kimoja kimoja, niseme amegusa kipi. Nilikosea karibu vyote. Akasema dawa yao nayo huleta ganzi, kwa hiyo ni lazima tupumzike, wiki hizi nisitundikiwe kitu, la sivyo mikono itaharibika moja kwa moja. Nilimwona hana raha, Kitinda. Kusimamisha dawa katikati ni kama kuacha nyumba inaungua ili ukanywe maji.

Kisha akaniuliza, "Mama, kuna kitu kingine unatumia zaidi ya dawa zetu?"

Nikasema hakuna.

Binti alikuwa amekaa pembeni. Akakohoa. "Mama, na yale makopo?"

Niliona aibu, natamani sakafu ipasuke. Daktari hakunifokea, laiti angenifokea. Aliomba kopo aliangalie, akakuta lebo haisemi kipimo, imeandikwa majina tu. Akanitoa damu, ikapelekwa maabara ya mbali kwa sababu ya hapa haina kipimo hicho. Majibu yamerudi wiki hii. Ile D niliyokuwa nayo chini sasa imepita kiasi. Na B6 iko juu kuliko alivyowahi kuiona kwa mgonjwa wake yeyote. Alinieleza taratibu: B6 kidogo inalisha mishipa ya fahamu, ikizidi mno kwa muda mrefu inaiharibu. "Nilikuwa nailaumu dawa yetu," akasema, "kumbe tulikuwa wawili tunaokuumiza, na mwenzangu nilikuwa simjui."

Nimeacha kumeza. Wewe sikulaumu. Labda kiwandani walikosea kuchanganya, labda nawe umeuziwa vibaya. Waulize. Na wateja wako wengine wanaosema wana ganzi, waambie haraka waache, Kitinda. Usingoje.

Nijibu upesi.

Dada yako


9 Juni

Kitinda,

Sijapata jibu lako. Simu yako inaita mpaka inakata. Natumai ni uzima tu na shughuli.

Nilitaka nianze kwa kukuuliza habari za nyumbani kama ilivyo desturi yetu, lakini mkono hautaki. Acha nikuambie kilichotokea.

Jumatatu nilirudi kwenye dripu. Vidole bado, ila daktari amebadilisha dawa. Nikakuta kiti cha Mwalimu kimekaliwa na mtu mwingine, msichana mdogo anasoma gazeti. Nikamuuliza nesi, "Mwenzangu yuko wapi?" Nesi akasema, "Tulidhani wewe unajua. Aliacha. Alisema anafuata njia yako."

Njia yangu ipi?

Nilipopata nguvu nilikwenda kwake na Binti. Anakaa nyumba ya nyuma ya shule, ukutani kumechorwa herufi na wanyama. Alikuwa kwenye mkeka, amekonda, tumbo limejaa, macho yamekuwa ya njano. Aliposikia hodi alinyanyuka kwa viwiko, akanitazama kitambaa kichwani, akanitazama uso, kama mtu anayehesabu kitu hakitimii.

"Mbona huna nywele?" akaniuliza.

"Nitazitoa wapi, Mwalimu? Juzi tu nimetoka kwenye dripu."

"Hujapona?"

"Nani kakuambia nimepona?"

Akanyoosha mkono nyuma ya mto, akatoa kopo, akanipa. "Wewe," akasema. "Wewe ndiye umeniambia."

Kitinda, lebo ni mpya. Ina picha mbili. Ya kwanza ni mimi kitandani, kipara, mdomo wazi, ile ya kumbukumbu. Ya pili ni mimi siku ya harusi yako, nimesukwa, nacheka. Bibi harusi umemkata, lakini mkono wake umebaki begani kwangu, na hina yake yote. Mkono wako huo. Chini yake umeandika kwamba mama huyu aliacha kemo, akatumia vitamini zako, saratani ikakimbia.

Mwalimu alikuwa ameona kiti changu kitupu wiki zile nilizosimamishwa. Shemeji yake akamletea kopo kutoka sokoni. Akasema moyoni, kumbe rafiki yangu ndiyo maana haji, amepona. Unaona ilivyofuatana? Vidonge vyako vilinitoa kwenye kiti, na kiti kitupu kikavifanya vidonge vyako viaminike.

"Ningeona sura nyingine nisingeamini," Mwalimu akaniambia. "Hao matapeli wako wengi. Lakini nilisema, huyu namjua. Huyu hawezi kunidanganya."

Nilikaa kwenye ule mkeka nimeshika kopo lenye uso wangu na sikulihisi vidoleni.

Tumemrudisha hospitali siku ileile. Daktari alimpima, akatoka hadi kwenye korido, akawaambia ndugu za Mwalimu kwamba ugonjwa umeshaenea.

Nakuuliza swali moja tu. Ulipokuwa unanipiga picha ile, ulikuwa unalia. Niliyaona machozi. Yalikuwa ya nini?

Dada yako


20 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, si kwa dharau.

Machozi yalikuwa ya kweli, Dada. Naapa kwa kaburi la Mama. Nilikupiga picha kwa kumbukumbu kama nilivyosema. Baadaye yule anayenitengenezea lebo akaniuliza kama nina mtu, akasema watu hawaamini maneno, wanaamini sura. Nikafikiri, si anatumia? Si atapona? Nilikuwa na hakika utapona. Nikasema nitangulie kusema tu kitakachokuja kutokea. Huo ni uongo? Ni imani.

Na mambo ya kemo kuachwa, hayo aliyaweka yeye, mimi niliona makopo yameshachapwa.

Dada, hujui wangapi wamefarijika kwa kukuona. Kuna mama alilia dukani kwangu, akabusu kopo. Sura yako imewapa watu matumaini. Huyo rafiki yako alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, saratani haikuletwa na mimi. Mtu mzima aliamua mwenyewe.

Makopo ya zamani yakiisha nitabadilisha lebo. Nakuomba jambo hili libaki letu. Nina wafanyakazi, nina jina, shemeji yako hana kazi nyingine. Usinivue nguo sokoni. Wewe ndiye mama yangu, mama hamvui mwanawe.

Mdogo wako,
Kitinda


14 Julai

Kitinda,

Mwalimu tumemzika jana. Watoto wa chekechea walikuja wamevaa sare, hawakujua walie au waimbe, wakafanya vyote viwili. Mwishoni alikuwa hawezi kuongea, lakini nilipomshika mkono alinikonyeza jicho. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Daktari hasemi kwamba angepona. Anasema alikuwa na nafasi, na aliiacha kwenye kiti kile.

Barua yako nimeisoma. Umeandika makopo ya zamani "yakiisha." Kwa hiyo bado yanauzwa. Leo, wakati unasoma hapa, kuna mtu ananitazama kwenye rafu anasema, huyu kapona.

Unasema mama hamvui mwanawe. Mimi nilikubeba mgongoni nikisuka vichwa vya watu, mate yako yakinilowesha shingo, sikuwahi kukuona mzigo. Sikukubeba ili nije niwe chambo. Wewe mwenyewe ulijua vidole vinakufa, nilikuandikia, ukaniambia niongeze. Ulikuwa hujui, au ulikuwa unaogopa nikiacha ile picha ya pili haitakuwa kweli?

Hiki ndicho ninachotaka. Ondoa makopo yote. Kisha njoo, usimame katika kile chumba cha dripu, mbele ya wale watu, useme kwa mdomo wako kwamba picha zile ni za uongo na kwamba dada yako bado anatibiwa hapa. Nitasimama kando yako. Nitakushika mkono ukitaka.

Usipokuja mpaka mwisho wa mwezi, nitakwenda mwenyewe kwa mamlaka ya dawa na kopo lako mkononi.

Dada yako


2 Agosti

Dada,

Kwa hiyo umekwenda kweli. Wamekuja leo na magari, wamefunga duka kwa mnyororo na kubandika karatasi mlangoni, majirani wote wamesimama wanaangalia. Shemeji yako ameanguka, yuko kitandani.

Mjomba amekasirika, Kaka amekasirika. Wote wanasema damu ni nzito kuliko maji, nawe umechagua maji. Mwalimu wa chekechea alikuwa nani kwako? Mimi ni nani kwako?

Umenisaliti. Sitaki barua zako tena.

Kitinda


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Najua hutaki barua. Hii isome ukiwa umekaa, kisha ufanye utakavyo.

Kwanza salamu, maana salamu si deni la ugomvi. Nimesikia shemeji yangu amepata nafuu, nimefurahi. Sisi huku tupo. Dripu zimekwisha. Damu imepimwa tena, B6 imeshuka, D imekaa panapotakiwa. Vidole vya mkono wa kulia vinarudi polepole, vya kushoto daktari hana ahadi. Kusuka bado siwezi. Nakaa saluni naelekeza kwa mdomo, msaidizi wangu anasema nimekuwa mkorofi kuliko nilivyokuwa na mikono.

Ndugu hawaji tena. Mjomba alipita barabarani akageuza uso akajifanya anasoma bango. Sijawahi kumwona mtu anayesoma bango la matairi kwa makini vile.

Juu ya siku ile shauri lako liliposikilizwa na mamlaka ya dawa. Nilikuona ulipoingia, umekonda. Nilikuwa nimeweka nafasi kwenye benchi, nikavuta mkoba wangu, nikidhani labda utakuja kukaa. Ukakaa ng'ambo. Yule bwana wa mamlaka akakuuliza, huyu mama kwenye lebo ni nani kwako? Ukaangalia meza. Ukasema, "Ni mteja. Alikubali picha zake zitumike."

Nimepata maumivu mengi mwaka huu, Kitinda. Nimechomwa sindano, nimetapika mpaka nikaona nyota mchana. Hakuna lililofika pale neno hilo lilipofika. Mteja. Nilipoitwa mimi nikaulizwa swali hilohilo, nikasema, "Ni mdogo wangu, nimemlea mimi, na sikukubali." Sauti ilinikatika, wakanipa maji, kikombe kikaniponyoka kwa sababu ya mkono huu. Wewe ulitaka kukiokota. Unakumbuka? Uliinuka nusu, halafu ukakaa tena.

Walichoamua unakijua. Duka limefungwa, makopo yamechomwa. Sikupiga makofi. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa.

Sijakusamehe. Nisikudanganye, siku nikisamehe nitakuambia, na huenda siku hiyo isifike. Naandika kwa sababu nyingine.

Juzi daktari alinieleza kwamba ugonjwa wangu mara nyingine hutembea katika ukoo, kwa akina mama na mabinti. Mama yetu aliondoka kwa ugonjwa gani, hatukuwahi kuambiwa. Binti atapimwa wakati wake ukifika. Kisha daktari akachukua kalamu akaniuliza, "Una ndugu wa kike?"

Ilikuwa rahisi sana kusema sina. Nusu ya moyo wangu ilishafungua mdomo.

Nikasema, "Ninaye. Mmoja."

Akasema basi mwambie aje apimwe, asingoje auguse uvimbe. Ndiyo nakuambia. Nenda hospitali yoyote, si lazima ya huku, si lazima unione. Wakikukuta mzima, shukuru. Wakikukuta na kitu, kaa kwenye kile kiti mpaka mwisho, na usimeze chochote utakachoambiwa umfiche daktari, hata ukipewa na mtu anayekupenda.

Nenda kabla mwezi haujaisha. Huhitaji kunijibu.

Dada yako